Mfinyanzi Hulia Gaeni

Methali hii tumeifundisha madarasani kwa miaka mingi, na kila mwaka tumeieleza kwa namna ile ile: kwamba mfinyanzi huuza vyungu vyake vizima, naye mwenyewe hubakiwa na gae la kulia chakula. Mwanafunzi huiandika katika daftari, mwalimu huitahini, alama hutolewa. Mimi ni mmoja wa walimu hao. Nimeitahini methali hii mara nyingi kuliko nilivyopata kupika katika chungu, na kwa kosa hilo sina udhuru. Lakini naandika leo kwa sababu nimeona jambo ambalo waliotunga methali hawakuliwazia: mfinyanzi asiye hata na gae, kwa kuwa kazi anayolipwa aifanye haizai chungu.

Jambo lenyewe ni hizi ziitwazo warsha za ufinyanzi kwa wageni. Pamoja na matembezi ya mashua na ngoma ya jioni, mgeni wa pwani yetu huweza sasa kuuziwa saa moja ya udongo. Huambiwa kwamba katika saa hiyo atajifunza ufinyanzi wa asili. Nasema kwamba mgeni hajifunzi, na mfinyanzi hafinyangi. Na kinachouzwa hapo si ufinyanzi bali ni sura yake. Wapo waungwana wanaodhani kuwa warsha hizi ndizo zitakazouokoa ufinyanzi usife. Nawaheshimu kwa nia yao, lakini sikubaliani nao hata kidogo, na nitaeleza kwa nini.

Niliyoyaona niliyaona upande wa Saadani. Msomaji asiyepajua apate kujua kwamba hapo ndipo nyika ya wanyama inapofika hata ufuko wa Bahari ya Hindi, na tangu mwaka 2005 ni hifadhi ya taifa. Mgeni huja kutazama tembo na twiga, hupanda mashua katika Mto Wami akatazame viboko na mamba, na akibahatika huona kasa wanaotaga katika mchanga wa Madete. Wageni wengine huletwa asubuhi kwa ndege ndogo kutoka Unguja na kurudishwa jioni ile ile. Saadani ilipata kuwa bandari ya misafara katika karne ya 19, mshindani wa Bagamoyo. Na hapo ndipo Bwana Heri bin Juma alipokusanya watu kuwapinga Wajerumani, hata manowari zao zikaupiga mji mizinga mwaka 1889. Habari hizi za watu hazina nafasi katika siku ya mgeni wa namna hiyo. Wanyama hula siku nzima, na watu hupewa saa iliyobaki. Ufinyanzi umetiwa katika saa hiyo.

Niliketi chini ya kibanda cha makuti cha nyumba moja ya wageni, ambayo sitaitaja. Juu ya mkeka alikuwa ameketi bibi mmoja, miguu ameinyosha, bonge la udongo mbele yake. Kando yake palikuwa na gurudumu la kufinyangia, lile la kuendeshwa kwa mguu. Kijana mwongoza wageni alisimama katikati akieleza kwa lugha ya kigeni, tena kwa ufasaha wa kupendeza, kwamba huu ndio ufinyanzi wa kale wa Waswahili. Kisha wageni wakakalishwa penye gurudumu mmoja baada ya mmoja, udongo ukazunguka, ukapinda, ukaanguka, wakacheka, wakapigwa picha. Aliyekuwa akizipiga picha hizo, kwa simu zao wenyewe, ni mjukuu wa kike wa yule bibi. Bibi alikuwa akikata udongo na kuwagawia. Kwa muda wote wa saa ile mikono yake haikuumba kitu.

Walipoondoka kwenda kula, nilimsogelea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe umekuja kuchezea udongo?"

"Nimekuja kutazama."

"Tazama basi. Hapa kuna kutazama tu."

Nikamwuliza kama gurudumu lile ni lake. Akaligeukia kama mtu atazamaye mbuzi wa jirani aliyeingia uani. "Hilo la wenyewe," akasema. "Mie nazunguka mwenyewe."

Nilikuwa na shahada tatu, na kwa maneno matatu alinifundisha nisilolijua. Mfinyanzi wa kwetu hana gurudumu. Huliweka bonge la udongo chini, hulitoboa kwa ngumi, huanza kuuinua ukuta wake kwa vidole, na yeye mwenyewe huinama na kukizunguka chungu hatua kwa hatua, hata mdomo ukawa mviringo. Mviringo ule umo katika mwendo wake na katika jicho lake. Gurudumu lililowekwa pale kibandani liliwekwa kwa sababu mgeni ameliona katika picha za nchi nyingine, na asipoliona atadhani ameletewa ufinyanzi pungufu. Basi ili mgeni aamini kwamba ameona kitu cha asili, imebidi asili iondolewe.

Nikamwuliza vile vibakuli vya wageni huenda wapi. "Navirudisha majini," akasema, na akanionyesha ndoo. Ndani yake vilikuwa vimelala vya jana, vimeyeyuka, tayari kwa wageni wa kesho.

Hapo nataka kutua kidogo, maana ndipo penye hoja yangu. Kazi ya chungu huanza mbali na macho ya mgeni. Udongo huchimbwa bondeni mahali panapojulikana, kwa kuwa si kila udongo hufaa. Huchaguliwa mawe na mizizi, hulowekwa, hukanyagwa au hutwangwa, na huchanganywa na mchanga au na vigae vya vyungu vya zamani vilivyosagwa, ili ukuta ustahimili moto. Baada ya kufinyangwa chungu hukwanguliwa kwa gunzi au kwa kombe la pwani, hulainishwa kwa kokoto, kisha huachwa kivulini. Hukaa kivulini siku kadhaa, na wakati wa mvua hukaa zaidi. Haraka hapa haifai, maana chungu chenye unyevu kikitiwa motoni maji yake hugeuka mvuke, na mvuke ukikosa njia huupasua ukuta kwa kishindo. Ndipo huja siku ya kuchoma. Hakuna tanuri, vyungu hupangwa chini, hufunikwa kuni, magome, makumbi ya nazi na majani makavu, na moto huwashwa wazi. Mchomaji huusoma upepo na rangi ya moto, na kosa la kipindi kifupi huweza kuipoteza kazi ya majuma mawili. Huo ndio ufinyanzi. Kuumba peke yake ni sehemu yake ndogo, na pengine iliyo nyepesi kuliko zote.

Sasa mgeni wa saa moja hakuona shimo la udongo, hakuona kivuli, hakuona moto. Alichokishika kilikuwa tope lenye sura ya bakuli. Ni kama mtu aliyekalishwa penye usukani wa jahazi lililopandishwa pwani, akapigwa picha, akaambiwa amevuka kwenda Unguja.

Na fedha je? Bibi hulipwa kwa siku. Mgeni hulipishwa kwa kichwa. Wakija wageni wawili au ishirini, ujira wake ni ule ule, pamoja na bakshishi ikiwapo. Nikamwuliza ni vyungu vingapi vyake vimeuzwa hapo tangu aanze. Akasema hakuna. Nilipopita jikoni nikaelewa sababu. Wali ulikuwa katika sufuria za alumini, mchuzi katika sufuria za alumini, na maji ya wageni katika chupa za plastiki, katoni juu ya katoni, hatua thelathini kutoka kwa mtu ajuaye kufanya mtungi unaopoza maji bila ya umeme. Nyumba ile ilimtangaza mfinyanzi lakini haikuwa na chungu chake hata kimoja.

Neno "kale" alilolitumia yule mwongoza wageni lilikuwa la kweli kuliko alivyojua. Mwaka 1955 alifika katika nchi yetu Mortimer Wheeler, mtaalamu mashuhuri wa Kiingereza wa mambo ya kale, akatembea mpaka Kilwa, na kwa kustaajabia wingi wa vipande vya vyombo vya Kichina vilivyotapakaa katika magofu alisema kwamba historia ya Tanganyika iliyofukiwa ardhini, tangu karne ya 10, imeandikwa katika vyombo hivyo. Usemi huo ulipendwa mno. Ukienda Kaole, karibu na Bagamoyo, utaonyeshwa msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo, na utaonyeshwa matundu katika nguzo hizo ambamo zamani zilipachikwa bakuli kutoka ng'ambo. Ni vitu vizuri, sikatai. Lakini ardhi ya mji wowote wa kale wa pwani, ukiichimba, vigae vya kigeni ni kidogo mbele ya wingi wa vigae vya vyungu vya hapa hapa: vya kupikia, vya kuwekea maji, vya kulia. Kwa muda mrefu havikutazamwa. Walipotokea watu wa kuvitazama kwa makini, na mmojawapo ni Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye tasnifu yake juu ya pwani ya Tanzania ilitoka mwaka 1994, vigae hivyo ndivyo vilivyotoa ushahidi mkubwa. Vile vya karne za mwanzo baada ya Kristo, ambavyo wataalamu huviita vya Kwale, na vile vilivyofuata, vya tangu karne ya 6 hata ya 10 hivi, vyenye pembetatu zilizochanjwa shingoni, vinapatikana pwani na vinapatikana bara. Kwa vigae hivyo ilidhihirika kwamba waliokaa katika miji hii tangu mwanzo wake walikuwa watu wa nchi hii, wala miji haikushushwa kutoka merikebuni.

Ni nani aliyevifinyanga? Katika sehemu hii ya pwani na nyuma yake, chungu tangu zamani tulizozijua ni kazi ya mikono ya wanawake. Basi hoja iliyotutoa katika dharau ya kuitwa wageni katika nyumba yetu imetunzwa na wanawake waliokwangua udongo kwa makombe. Mzao wao leo amekalishwa kando ya gurudumu la watu, asikilize akielezwa. Wheeler alikuwa na udhuru wake, maana alipita kwa muda mfupi na alitazama kilichong'aa. Sisi udhuru wetu ni upi?

Nimejibiwa, katika mazungumzo ya barazani, kwamba mbona wengine wamefanya hivi wakafaulu. Mbona visiwa vya Ugiriki vimejaa karakana za ufinyanzi na wageni humiminika. Nashukuru kwa mfano huo, maana unanisaidia. Chukua kisiwa cha Sifnos, ambacho kinasifika kwa ufinyanzi. Huko gurudumu ni lao tangu zamani, nami sina ugomvi nalo. Lakini huko pia kuna chungu cha udongo chenye kifuniko, kiitwacho skepastaria, ambacho hutiwa dengu Jumamosi jioni, hupelekwa katika tanuri la kuni, hukaa humo usiku kucha, na Jumapili dengu huliwa. Kuna na chungu kingine, mastelo, ambacho nyama ya mwanakondoo hupikiwa humo siku ya Pasaka, hata chakula chenyewe kimechukua jina la chungu. Mwenyeji wa Sifnos hamhitaji mgeni ili ajue chungu ni cha nini. Mgeni afikapo hukuta chombo chenye kazi, hukila kilichopikwa ndani yake, hukitamani, hukinunua. Na akitaka kutia mikono katika udongo, hutia katika kitu kilicho hai. Sisi tumeanzia mwisho. Tumemleta mgeni kabla ya mpishi. Ufinyanzi wa pwani haukupungukiwa na watazamaji. Umepungukiwa na majiko.

Najua nitakavyojibiwa na mama wa nyumbani, na jibu lake nalistahi kuliko la wataalamu. Atasema sufuria haivunjiki, huwahi kupata moto, ni nyepesi. Ni kweli. Sitamwambia mwanamke anayeteka maji mbali aiache ndoo ya plastiki atwike mtungi. Huo ungekuwa ukatili wa watu wenye mabomba. Kuni nazo ni shida, na moto wa kuchomea vyungu unazitaka. Lakini si kila chungu husafiri kichwani. Mtungi wa maji ya kunywa hukaa pembeni, ukatoa jasho lake na kuyapoza maji. Chetezo hukaa chumbani. Na mchuzi wa samaki wa nazi uliopikwa polepole katika chungu, sijapata kumsikia mlaji wa pwani aliyesema wa sufuria umeushinda.

Lugha yetu inatusuta. Mwisho wa Shaabani tunasema tunakwenda kuvunja jungu, nasi tunakwenda ufukoni na vyombo vya plastiki, halivunjiki jungu wala hakijulikani kilipo. Twasema jungu kuu halikosi ukoko, hali watoto wetu ukoko wanaujua wa sufuria. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, nchi nzima ilisema inapiga nyungu. Na nyungu, kwa maana yake, ni chungu. Nakumbuka shuka tulizojifunika, nakumbuka majani ya mwarobaini na ya mchaichai, lakini ndani ya shuka, katika nyumba yangu na katika kila nyumba niliyoingia, palikuwa na sufuria. Neno limebaki, chombo kimetoka ndani yake, na sisi walimu wa Kiswahili tumeridhika kulinda neno.

Kuna wanaoniuliza, kwa upole, kama si afadhali bibi apate kidogo kuliko kukosa kabisa. Swali hili huwanyamazisha wengi kwa sababu lina sura ya huruma. Mimi nauliza kidogo hicho kinanunua nini. Kinanunua siku yake, na siku hiyo ndiyo ambayo angefinyanga. Kinanunua pia macho ya mjukuu wake, ambaye amejifunza kwamba bibi ni mtu wa kuketi na kupigwa picha, na kwamba kazi yenye faida ni kushika simu. Binti yule ana akili na ana mikono ile ile. Hakuna aliyemwambia amsaidie bibi yake kuchimba udongo, kwa kuwa udongo wa warsha hauchomwi, basi haudhuru ukiwa wowote.

Sisemi wageni wafukuzwe. Nasema wanaofanya biashara ya jina la mfinyanzi walipe kwa chungu. Nyumba ya wageni inayotangaza ufinyanzi ipikie wageni wake katika vyungu vya mfinyanzi huyo, iweke mitungi yake katika kila chumba badala ya zile katoni za chupa, na vinapovunjika inunue vingine. Kuvunjika huko, ambako mwenye nyumba hukuona hasara, ndiko kunakomweka mfinyanzi kazini. Mgeni wa saa moja auziwe chungu kilichochomwa na aonyeshwe shimo la udongo, au aachwe akatazame tembo wake kwa amani. Kijana mwongoza wageni afasiri maneno ya bibi, asimsemee. Gurudumu lirudishwe lilikotoka.

Na mgeni anayetaka kujifunza kwelikweli akae. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1950, alikwenda Abuja katika Nigeria mwaka 1974, akajifunza karibu na mfinyanzi Ladi Kwali, aliyekuwa ameutoa ufundi wake kwa wanawake wa kijijini kwake. Aliyejifunza kwa kukaa hivyo ameendelea kufinyanga kwa mkono, bila ya gurudumu, na vyombo vyake leo vimo hata katika jumba la British Museum. Hakutumia saa moja. Bagamoyo ina chuo cha sanaa tangu mwaka 1981, hiki tunachokiita sasa TaSUBa, na mpiga ngoma wa kijijini huingia humo akaitwa mwalimu bila ya mtu kucheka. Sioni kwa nini bibi wa Saadani asiitwe mwalimu mahali fulani, alipwe kama mwalimu, awe na wanafunzi watakaokaa naye masika na kiangazi mpaka wapasue vyungu vya kutosha.

Kabla ya kuondoka nilimwomba aniuzie chungu. Akasema hana kilicho tayari, nirudi baada ya majuma matatu. Nilirudi. Alikuwa amenichomea kimoja nyumbani kwake, si kule kibandani, cheusi upande mmoja ambako moto ulilala. Akaniagiza kwamba kabla sijakipikia nikichemshie uji mwembamba, ili vitundu vyake vizibe, na nisikitie maji baridi kingali na moto. Nikamlipa alichotaja. Akazifunga fedha katika pindo la kanga, kisha akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia nafundisha Kiswahili chuo kikuu.

"Huko kwenu," akasema, "mchana mnakula watu wangapi?"

Nikamjibu kwamba ni maelfu.

"Na mnapikia nini?"

Nilitazama chini. Kisha nikamwomba anifanyie vingine viwili.